Mzamiaji Amerudi Kisimani

Kila siku alipotoka shuleni, hata kabla ya kuvua sare, Chiriku alipitia kwanza chumba cha mbele, ambako mama yake alifanyia kazi ya udobi. Kilikuwa chumba kidogo chenye joto la pasi na harufu ya sabuni. Upande mmoja palikuwa na mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja ya kubembelezwa. Upande wa pili palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kupigia pasi. Hapo mashuka ya nyumba ya wageni ya jirani yalikuwa yakimngoja, maana shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mama alishika pembe mbili, yeye mbili. Wakavuta, wakakunja, wakasogeleana, wakaachana, shuka baada ya shuka, bila kusema neno.

Zamani pembe zile zilishikwa na kaka yake. Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, akisomea umeme katika chuo cha ufundi. Alikuwa mrefu, mpole, na mpenda maswali yasiyo na majibu. Aliweza kusimama katikati ya kukunja shuka na kuuliza, "Mama, hivi kivuli kina uzito?" Mama alimjibu, "Shuka lina uzito, vuta!" Ndiye aliyempa dada yake jina la Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haishi kusema.

Miezi minne iliyopita homa ilimpanda kichwani kaka, na siku ya tano wakamzika. Tangu hapo Chiriku hakuwa tena na uchiriku wowote. Majirani walisema, "Mtoto amejikaza kisabuni." Wala hakujikaza. Maneno yalikuwa yamemkauka tu.

Nyumba nayo ilijifunza kunyamaza. Baba, ambaye alikuwa fundi wa friji, alitoka alfajiri na mkoba wake wa vifaa, akirudi alikula bila kuinua macho. Mlango wa chumba cha kaka ulibaki umefungwa. Ufunguo haukuhusika, ni woga tu. Kila aliyepita mbele yake alipunguza mwendo, kama mtu anayepita karibu na aliyelala.

Jumamosi moja asubuhi, mama alimwambia bila kumtazama, "Mwanangu, nenda kafute vumbi kule. Mimi siwezi."

Chiriku alichukua kitambaa, akaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya mgongo wa kiti lilining'inia sweta la kaka, mikono yake bado imekunjika viwikoni kana kwamba ina mtu ndani. Mezani palikuwa na kompyuta ambayo kaka na baba waliiunganisha kutoka mabaki ya kompyuta tatu zilizotupwa. Alifuta meza, akafuta kioo, akafuta kibodi. Halafu kidole chake kikabonyeza kitufe cha kuwashia kabla akili haijatoa ruhusa.

Mashine ilinguruma, ikawaka, na mchezo ukafunguka wenyewe, kama kaka alivyokuwa ameupanga.

Mchezo ule Chiriku aliujua. Ulikuwa ni ulimwengu mzima wa mawe, maji na majani, ambamo kila mchezaji huchimba, hulima na kujenga apendavyo, na wachezaji wa mbali hukutana kupitia mtandao. Yeye aliwahi kuucheza kwenye simu ya mama, robo saa hapa, robo saa pale. Alipanda maboga yake, akayasahau. Kaka alikuwa tofauti. Kila Jumamosi alijifungia humu na watu aliowaita "wenzangu wa kisimani," na Chiriku hakuwahi kujali ni akina nani.

Sasa aliwaona. Katikati ya kioo palikuwa na kisima cha mawe, na kando yake alisimama mtu wa kaka mwenye koti la buluu. Juu ya kichwa chake paliandikwa jina alilojichagulia: Mzamiaji. Chiriku hakugusa kitu. Baada ya muda mfupi yule mtu akachuchumaa mwenyewe na kujikuna kisogo polepole, vilevile kaka alivyokuwa akijikuna alipofikiri. Chiriku alijua ni mchezo tu, kwamba kila mchezaji huchagua mtu wake afanye nini akiachwa bila kuguswa. Hata hivyo vinyweleo vilimsimama.

Maneno yakaanza kujitokeza chini ya kioo.

"Mzamiaji! Jamani, Mzamiaji amerudi!" Aliyeandika alijiita Kobe.

"Siamini macho yangu," akaandika mwingine, jina lake Bundi. "Mwanangu, ulipotelea wapi? Miezi minne! Tulianza kuogopa."

Hawakujua. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Nani angewaambia, wakati nyumbani hakuna aliyewajua? Chiriku aliweka vidole juu ya kibodi. Alitaka kuandika ukweli, na ukweli ulikuwa maneno matatu tu. Lakini ilikuwa miezi minne hajasikia mtu yeyote akimsalimia kaka yake kama mtu aliye hai, na salamu ile ilimwingia moyoni kama maji kwenye ardhi iliyopasuka.

Akaandika: "Nipo."

Hivyo ndivyo alivyojiunga na Wakaa Kisimani, kama walivyojiita. Hata kama aliingia kwa jina la mwingine, aliingia, na siku ile ile akajifunza desturi yao. Kila Jumamosi saa nne asubuhi walikusanyika kuzunguka kisima walichokijenga pamoja, na Bundi alitupa swali moja ambalo wangelibishania hadi saa sita. Hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana. Bundi alikuwa mama mtu mzima aliyefanya kazi ya ukutubi maktabani miaka thelathini. Kobe alikuwa kijana wa karakana ya mbao, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikawia kujibu. Wengine walikuja na kuondoka, ila hao wawili hawakukosa.

Swali la siku ile lilikuwa: "Jina ni la nani? La aliyepewa, au la wanaoliita?"

Chiriku alikodoa macho. Swali kama lile, siku kama ile! Alifikiri kaka angesema nini, akaandika, "La wanaoliita. Mwenye jina hajiiti mwenyewe."

"Aa, ndiye yeye!" Kobe aliandika. "Nilikukosa, ndugu yangu. Unakumbuka siku uliyozama kutafuta shoka langu chini ya ziwa? Tukakaa ukingoni, tukangoja, tukangoja. Ukaibuka na samaki mkononi, ukasema, 'Shoka lako limeota mapezi.'"

Chiriku alicheka. Sauti ilimtoka kabla hajaizuia, akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakuijua hadithi ile. Kaka aliyemjua yeye alikuwa amekwisha. Kila alichokuwa nacho cha kusema alikuwa amekwisha kukisema. Lakini humu, kumbe, mlikuwa na kaka mwingine ambaye yeye Chiriku bado hajamaliza kumsikia. Alitaka zaidi. Tangu siku hiyo akawa ni mtu wa kungoja Jumamosi.

Mama alipomuuliza anafanya nini kule chumbani, alisema, "Kazi za shule." Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jumamosi zikafuatana. Kobe hakuchoka kukumbushia. Alisimulia mnara walioujenga ukaanguka, na mashindano ya kufuga mbuzi mmoja mkaidi, na jinsi Mzamiaji alivyowahi kukaa kimya saa nzima kwa ajili ya swali moja. Kila mara Chiriku aliandika, "Ndiyo, nakumbuka." Alipokaa kwenye kiti, sweta lilikuwa nyuma ya mgongo wake, na mara nyingi alihisi kwamba kuna mtu anasoma juu ya bega lake. Hatimaye alilichukua sweta, akalikunja, akaliweka kitandani. Jumamosi iliyofuata alipoingia, alilikuta juu ya mgongo wa kiti, mikono imekunjika viwikoni. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Hakumuuliza mtu. Angeulizaje, naye ana siri yake?

Mlio wa kibodi ulipenya ukutani. Asubuhi moja Chiriku aligeuka ghafla, akamwona mama mlangoni ameshika kapu la nguo mikono miwili, midomo imeachana kidogo, macho yakitazama kiti na si yeye aliyekaa juu yake.

"Mama?"

"Hakuna kitu. Nilisikia vile vidole… Nilidhani…"

Hakumalizia. Alirudi kazini kwake. Baada ya muda harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa nyumba nzima. Mama, aliyekuwa dobi tangu kabla ya kuolewa, alikuwa amesahau pasi juu ya shati jeupe la mteja.

Huko kisimani nako mambo hayakuwa shwari. Siku moja Bundi aliandika, "Mzamiaji wa siku hizi hakosi jibu. Zamani ulikuwa mtu wa kusema, 'Sijui, hebu tufikiri.' Nilikuheshimu zaidi kwa neno hilo."

Chiriku alijibu upesi. "Watu hubadilika," aliandika.

"Hubadilika," Bundi alijibu.

Ndipo siku hiyo hiyo, Bundi alipokwisha kuaga, Kobe akabaki nyuma.

"Ndugu yangu, lile jambo langu bado," aliandika. "Uliniambia utalifikiria, kisha ukapotea. Jana shangazi amenipigia. Anasema mzee ananiulizia. Nirudi nyumbani, au nisirudi?"

Chiriku hakujua ni jambo gani, akalazimika kulinyofoa kidogo kidogo kama mtu anayetoa mwiba gizani. Baba yake Kobe alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na alitaka mwanawe aishike. Kobe alitaka kuchonga viti na meza. Walirushiana maneno, baba akasema, "Basi usinioneshe tena uso huo," na Kobe akaondoka na begi moja. Ilikuwa miaka miwili sasa.

"Tatizo, kule kwetu mtandao hakuna," Kobe aliongeza. "Nikienda, nitakaa. Sitakuwa nanyi tena Jumamosi. Nitafuata utakavyosema wewe. Sina mwingine ninayemwamini."

Chiriku alisoma mara mbili. Hakumfikiria yule mzee wala mashine yake. Lililomjia kichwani lilikuwa moja tu: Kobe akiondoka, hadithi za kaka zimekwisha. Nani atamkumbushia tena? Akatafuta maneno mazuri, maneno ya mtu mwenye hekima, akaandika:

"Mto haurudi nyuma. Wewe songa mbele."

Kobe alikawia, kama kawaida yake. "Asante," aliandika mwishowe. "Limeniuma, lakini nimelielewa."

Chiriku alizima kompyuta. Kioo kilipokuwa cheusi aliuona uso wake mwenyewe ndani yake, na nyuma ya uso wake bega la sweta. Alitoka chumbani karibu akikimbia.

Wiki tatu zilipita. Jumamosi ya nne alichelewa kidogo, akawakuta Bundi na Kobe wakibishana, na si kwa swali lolote la kisimani.

"Nenda leo hii," Bundi alikuwa akiandika. "Basi la saa nane lipo. Utafika kesho."

"Siendi, mama. Nilikwisha amua."

"Kuna nini?" Chiriku aliandika.

Bundi ndiye aliyejibu. "Baba yake yuko hospitali. Tumbo. Wanampasua Jumatatu asubuhi, na shangazi yake anasema madaktari hawakuahidi kitu. Mzee anamtaja jina usiku na mchana. Na huyu bwana anasema hatoki alipo."

"Mzamiaji anajua kwa nini," Kobe aliandika. "Mto haurudi nyuma. Nimeyachonga maneno hayo juu ya benchi langu la kazi, niyaone kila siku. Nikitaka kulegea nayasoma. Ndugu yangu, mwambie Bundi. Mweleze kama ulivyonieleza."

Mtu mwenye koti la buluu alichuchumaa kando ya kisima, akajikuna kisogo.

Chiriku aliona kioo kinacheza mbele ya macho yake. Alikumbuka siku ya tano ya homa. Alikuwa ameambiwa aende shule, naye alikwenda, kwa sababu kila mtu alisema kaka ana nafuu. Aliporudi, mlango wa mbele ulikuwa wazi na viatu vya watu vimejaa nje. Hakuwa amemuaga. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu. Na sasa kuna mtu mwingine ambaye angerudi akakuta viatu vimejaa nje, na aliyemzuia asiende ni maiti aliyepewa maneno yasiyo yake.

Alisukuma kiti, akakimbia hadi chumba cha mbele, akajiingiza kati ya ukuta na mashine mbovu, akajikunyata pale na kulia kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika tangu msiba.

Mama aliacha pasi. Safari hii alikumbuka kuisimamisha. Alipiga magoti sakafuni, akamvuta mwanawe kifuani.

"Nini? Nani kakufanya nini?"

"Mama, nimemfanya kaka aseme uongo."

Mama hakuelewa. Chiriku alieleza yote, kwa mara ya kwanza baada ya miezi maneno yakimtoka mfululizo: kisima, jina, zile hadithi, kazi za shule ambazo hazikuwapo, Kobe, mto, hospitali, Jumatatu. Alieleza hata lile sweta lililorudi kitini lenyewe.

"Lile ni baba yako," mama alisema taratibu. "Huingia humo kila alfajiri kabla hajaenda kazini. Anadhani sijui."

Mashine nzima ilikuwa ikizungusha nguo za watu. Chiriku alingoja kofi au kilio, kimojawapo. Uso wa mama ulikuwa umekauka kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Wanamngoja mwanangu kila Jumamosi," mama alisema, kama anayejisemea. "Miezi yote hii kuna watu wanadhani yu hai." Kisha akajifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni. "Inuka. Utalia baadaye, na mimi nitalia na wewe. Sasa hivi kuna kijana anayetakiwa kupanda basi la saa nane. Saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Twende."

Mama aliuvuka mlango wa chumba kile kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alishika kizingiti, akavuta pumzi, akaingia. Kobe alikuwa amekwisha ondoka kisimani. Bundi alikuwepo peke yake. Chiriku alikaa, na mama akasimama nyuma yake, mkono mmoja juu ya sweta.

"Andika," mama alisema. "Kwa kinywa chako mwenyewe."

Chiriku aliandika: "Mama Bundi, mimi si Mzamiaji. Mimi ni mdogo wake. Kaka alifariki miezi minne kabla ya mimi kuanza kuwaandikia. Maneno ya mto ni yangu. Nina miaka kumi na mitatu. Tafadhali tupe namba ya Kobe."

Waliona mtu wa Bundi akisimama kando ya kisima, bila kutikisika. Kisha namba ikatokea, na chini yake maneno: "Nilihisi kuna jambo. Sikuthubutu kuuliza. Mpigieni upesi, wanangu. Halafu mrudi mniambie jina la mama yake Mzamiaji, nimpe pole."

Mama alipiga kwa simu yake, akaweka sauti ya nje. Iliita mara nyingi. Nyuma ya sauti iliyopokea palisikika msumeno ukikata mbao.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mwanangu, mimi hunijui," mama alisema. "Mimi ni mama wa Mzamiaji."

"Shikamoo, mama!" Sauti ilichangamka, msumeno ukazimwa. "Yuko wapi mwenyewe? Nilimsubiri pale, kaondoka bila kuaga."

Mama alifumba macho. "Kweli, mwanangu. Aliondoka bila kuaga." Kisha akamwambia, kwa maneno machache na bila kupamba, siku aliyougua na siku aliyozikwa.

Upande wa pili kiti kilikokotwa sakafuni.

"Haiwezekani," Kobe alisema. "Mimi naongea naye kila Jumamosi. Leo tu…" Akasita. "Nilikuwa naongea na nani?"

Mama alimgeukia mwanawe, akamnyooshea simu. Chiriku aliipokea.

"Na mimi," alisema. "Mdogo wake. Nisamehe, kaka. Lile neno la mto nililisema mimi, tena nililisema kwa sababu nilitaka ubaki, unihadithie habari zake. Kaka yangu hakusema usirudi. Kaka hakukujibu, hakuwahi. Mimi sikumuaga kaka yangu. Nilikuwa shuleni. Nenda, tafadhali. Nenda ukamwone baba yako."

Walimsikia akipumua. Halafu kitu kizito kikaanguka sakafuni kule karakana, na simu ikakatika. Walipopiga tena haikupokewa. Walipiga mara nne.

Jioni hiyo baba aliporudi, mama alimkalisha, na Chiriku akaeleza upya kila kitu. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipoambiwa kuhusu sweta, alificha uso kwa mikono yake yenye mafuta ya mashine, na Chiriku akajua kwamba hata baba huogopa kuonekana akilia.

Jumapili ikapita, na Jumatatu. Darasani Chiriku aliulizwa swali la hesabu, akajibu siku ya juma. Jumanne, Jumatano, hapakuwa na habari. Kila simu ya mama ilipolia alisimama wima, na kila mara alikuwa ni mteja anayeulizia nguo zake. Usingizini aliona viatu vingi nje ya mlango asioujua.

Jumamosi, saa nne kasoro, waliingia chumbani wote watatu. Baba alileta kigoda, mama akakaa kitandani. Bundi alikuwa amefika kabla yao.

"Kobe alipanda basi siku ile ile," aliandika, na Chiriku akasoma kwa sauti. "Alifika Jumapili jioni. Mzee alipomwona, alimuuliza kitu kimoja tu: 'Umekula?' Akamshika mkono mpaka usingizi ukamchukua. Jumatatu wamempasua, na amezinduka. Bado ni dhaifu, lakini jana amekunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari."

Mama alitoa pumzi ndefu. Baba alisema, "Alhamdulillahi," polepole sana.

"Kobe alitembea hadi penye mtandao ili anitumie ujumbe," Bundi aliendelea. "Kuna maneno kwa ajili ya mtoto. Nayaleta kama yalivyo: 'Mwambieni nimemkasirikia, na sijui hasira hii itakwisha lini. Nilimlilia rafiki yangu garini, njia nzima, peke yangu, wakati ninyi mlikwisha kumlilia zamani. Lakini nilifika, na hilo nalo mwambieni.'"

Chiriku aliyasoma hadi mwisho. Hakuna aliyemwambia aruke sentensi hata moja.

Bundi aliomba ruhusa kwa wazazi awahadithie alivyomjua kijana wao. Aliandika kwa muda wa saa nzima. Alisimulia kuhusu ziwa na mbuzi mkaidi, na siku Mzamiaji aliyouliza kama kivuli kina uzito, wakabishana wiki mbili. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujificha.

Mwishowe mama alisema, "Sasa mtoe hapo kisimani. Amekaa sana. Mwache apumzike."

Chiriku alibonyeza palipoandikwa "Ondoka." Koti la buluu lilififia kuanzia miguuni, likaisha.

"Njoo ukae hapa," mama alisema, akimpapasia nafasi kitandani. "Mwanangu, sikukuchapa na sitakuchapa. Najua ulifanya vile kwa mapenzi. Hata mimi niliposikia vidole vyako ukutani nilitaka kujidanganya, nikaunguza shati la watu. Lakini sikiliza. Uongo hauulizi kama umeuzaa kwa mapenzi au kwa ubaya, ukishatoka nje unatembea wenyewe, na unaingia nyumba usizozijua. Ulimfikia mzee wa watu kitandani hospitalini. Kaka yako maneno yake yamekwisha. Sisi hatuwezi kumwongezea hata moja. Tunaloweza ni kuyatunza yale aliyoyasema kweli, na yetu kuyasema kwa majina yetu wenyewe. Ukimkosa, njoo useme, 'Mama, nimemkosa.' Tutamkosa pamoja. Hilo halina haya."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Alifungua droo ya meza, akatoa karatasi na kalamu, akaviweka mbele ya binti yake.

"Huyo kijana hana mtandao kule," alisema. "Barua itafika. Mimi nitaipeleka posta."

Chiriku alivuta kiti. Safari hii hakutafuta maneno mazuri. Juu ya karatasi aliandika kwanza jina lake mwenyewe, lote, pamoja na la baba. Chini yake akaanza: "Kaka Kobe, shikamoo. Mimi ndiye niliyekudanganya."